Liunguze Tupu Kwanza

12 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jiko limefika. Lililetwa na lori la mizigo asubuhi, na wanaume wanne walilishusha mbele ya mlango wetu huku wakilitukana kwa zamu. Halikuwa na boksi, lilikuwa limefungwa blanketi na kamba. Mama alipofungua kamba na shangazi akaliona, lile pipa jeusi lenye miguu na bomba pembeni, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Kaka yangu ametutumia jiko au jeneza?" Majirani wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, lakini nilicheka pia.

Nakuandikia kwa sababu unanijua. Kwenye simu sauti yangu inakauka, nabaki napumua tu na wewe unabaki unasema "haloo, haloo," mwisho tunakata bila kuongea chochote. Kwenye karatasi sina shida hiyo.

Kwanza, ile mifuko miwili uliyotuma pamoja na jiko tulidhani ni chakula cha kuku. Usicheke. Vile vidonge vinafanana kabisa na chakula cha kuku. Shangazi alishawamwagia kuku wake kopo zima. Jogoo alidonoa kimoja, akakitema, akamwangalia shangazi, akaenda zake. Ndipo nikasoma maandishi ya mfuko: ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, na ndilo kuni za jiko hili. Sasa tunaziita tembe.

Pili, hakuna kitabu cha maelekezo. Nimefungua kila mlango wa jiko nikakitafuta. Nimeona sanduku la pembeni ambalo nadhani ndipo tembe zinapowekwa, na ndani yake, chini kabisa, skrubu ndefu kama ya mashine ya kusagia nyama. Nimeona waya wa umeme. Jiko la kuni linalotumia umeme, baba? Mama amesema atapika kwenye mkaa wake na hili atalipamba maua.

Tatu, chuo cha ualimu kimenijibu. Nimepata nafasi. Wanataka nithibitishe kabla Februari haijaisha. Nimefurahi, lakini uliniambia likizo iliyopita nisiamue lolote kabla ya jiko kufika. Basi limefika. Nifanye nini?

Binti yako,
Kimya


25 Januari

Kimya wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na pale kwenye jogoo nimecheka mpaka wapishi wenzangu hapa hotelini wakaja kuuliza kuna nini. Boksi nililitoa mwenyewe ili kupunguza uzito wa mzigo, na kitabu lazima kilibaki humo. Usijali. Kitabu ni mimi.

Sikiliza vizuri. Jiko jipya haliwekewi nyama siku ya kwanza. Kiwandani hupakwa mafuta ili lisishike kutu, na mafuta hayo yakiungua juu ya chakula mtakula sumu. Kwa hiyo liunguze tupu kwanza. Jaza sanduku tembe, washa, kisha usiwe na haraka, maana ile skrubu huwa tupu mwanzoni na inachukua muda kuzisukuma tembe mpaka kwenye kikombe cha moto. Utadhani limekufa. Halijakufa. Kifuniko kiwe wazi mpaka uone moshi mzito mweupe umepita na moto umeshika, ndipo ufunike, upandishe joto mpaka mwisho, uliache liungue hivyo mpaka harufu iishe.

Kifuniko kikigoma kufunga, kiinue kidogo upande wa kushoto kwanza ndipo ukishushe. Na kitufe cha joto kikikwama, kipige kofi dogo kwa chini, kitaachia.

Kuzima: usichomoe waya hata siku moja. Bonyeza kitufe cha kuzimia, uache feni ya ndani izunguke yenyewe mpaka moto uishe kwenye kikombe. Ukichomoa, moto uliobaki unatafuta njia ya kurudi nyuma, unapita kwenye skrubu mpaka kwenye sanduku la tembe. Tembe zenyewe ziweke kwenye chumba kikavu kuliko vyote nyumbani. Zikipata maji zinavimba kama uji, kisha zinaganda kama saruji.

Sasa chuo. Mwanangu, ualimu ni kusimama mbele ya watoto hamsini na kupaza sauti. Wewe? Tuseme ukweli. Hiki nilichokutumia ndicho chuo chako. Siku utakayoniandikia kwamba umepika kidari cha ng'ombe mpaka kikakatika kwa uma bila kisu, siku hiyo nafunga mizigo. Nimechoka kuwapikia watu baki. Tutafungua lile dirisha la mbele tuuze nyama, mimi jikoni, wewe nyuma yangu, na hutalazimika kuongea na mtu.

Msalimie mama yako.

Baba yako


9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimelinunuliza! Nimekosea kuandika kwa furaha, nilitaka kusema nimeliunguza. Nilifanya kila kitu kama ulivyosema. Nilidhani limekufa, halikuwa limekufa. Moshi mweupe ulipotoka, jirani yetu muuguzi aliruka ukuta na ndoo ya maji, na nilishindwa kumwambia asimwage, nikasimama tu mbele ya jiko nimetandaza mikono kama golikipa. Alielewa.

Kifuniko kiligoma kweli, upande ule ule wa kushoto. Na kitufe cha joto kilikwama, nikakipiga kofi kwa chini, kikaachia. Nilimwambia mama, "Unaona? Baba analijua jiko hili kama kiganja chake!" Mama alikuwa ameshika ile nyavu ya chuma ya kuwekea nyama, anaigeuza kwenye mwanga.

Nina swali moja. Ulisema litanuka mafuta ya kiwandani. Mimi sijui mafuta ya kiwandani yananukaje, lakini hili lilinuka nyama. Nyama ya kuungua na kitunguu. Shangazi pia alisema hivyo, alikuja akiwa na sahani. Pia kwenye mguu mmoja wa jiko, chini, mahali ambapo mtu mzima hawezi kufika bila kulala, kuna picha ya kubandika ya bata wa njano. Imebanduliwa nusu. Je, ni alama ya kampuni?

Tembe nimeziweka chumbani kwako. Ndicho chumba kikavu kuliko vyote, hakivuji hata tone.

Nimewaandikia chuo. Nimewashukuru na kuwaambia nafasi yangu wampe mwingine. Nililia kidogo nikiibandika stempu lakini sasa nimeacha. Umesema kweli, mimi na kupaza sauti wapi na wapi.

Unarudi lini hasa? Nataka nipake rangi dirisha.

Binti yako,
Kimya


24 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Umefanya uamuzi wa mtu mzima.

Kuhusu harufu, maduka makubwa huwa wanapika nyama kidogo kuonyesha wateja kwamba jiko linafanya kazi. Hili litakuwa lilikuwa la maonyesho. Hata bata ni mambo ya dukani, watoto wa wateja wanabandika ovyo. Mbandue tu.

Usipende kuchunguza sana, ni tabia itakayokuharibia nyama. Jiko hili adui yake mkubwa ni mpishi mwenye wasiwasi. Kila ukifunua kuchungulia, joto linatoka na unaanza upya. Kidari kitafika mahali joto lake litasimama, halipandi, halishuki, kwa muda mrefu sana. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kukitoa kikiwa kigumu kama soli. Wewe funika, kaa mbali, amini. Kitaendelea chenyewe.

Kuhusu kurudi, hoteli ina wageni wengi kipindi hiki. Aprili nadhani. Tuseme Aprili.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Kidari cha kwanza kilikuwa kigumu, shangazi alisema tukipeleke kwa fundi viatu. Cha pili kilikauka kwa sababu nilichungulia, nakiri. Cha tatu nilikiweka asubuhi na mapema, nikafunika, nikaenda kufua. Joto liliposimama sikufunua. Nilikaa juu ya mikono yangu. Jioni nilikitoa, kikiwa cheusi kama kipande cha mkaa, nikajua nimeharibu tena. Nikachukua uma. Baba, uma uliingia kama kwenye siagi. Kilikatika chenyewe. Ndani kilikuwa na ule mzunguko mwekundu pembeni ambao uliwahi kuniambia ndio alama ya moshi kuingia.

Muuguzi alikula akafumba macho. Shangazi alikula akanyamaza, na unamjua dada yako, hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Mama pekee ndiye asiyekula. Kila mara anasema ameshiba. Nilipomsukumia sahani alisema, "Nyama hiyo ina harufu ya nyumba za watu." Nilikasirika. Nilimwambia ana wivu kwa sababu wewe umenifundisha mimi na hukumfundisha yeye. Aliondoka mezani akaenda kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nimeanza kuuza kidogo dirishani, majaribio tu, mpaka uje. Naona aibu sana. Jana alikuja yule fundi mwashi anayejenga nyumba ya kona. Akauliza, "Binti, hii nyama inauzwa au inaangaliwa?"

Nikasema inauzwa.

"Inauziwa nani, ukuta? Mbona unaongea na ukuta?"

Nikageuka, lakini macho yalikwenda chini, nikauliza viatu vyake, "Yenye mafuta au isiyo na mafuta?"

Akainama akasikiliza viatu vyake, kisha akasema, "Wanasema wao wanapenda yenye mafuta."

Nilicheka kwa sauti mbele ya mtu nisiyemjua. Sijui kama nimewahi.

Basi kidari kimekatika kwa uma. Nimetimiza. Aprili ni karibu sana. Dirisha nimelipaka rangi ya kijani na nimeacha nafasi juu kwa ajili ya jina, uandike mwenyewe kwa mkono wako. Njoo.

Binti yako,
Kimya


11 Aprili

Kimya,

Marahaba. Hongera sana, najivunia. Mambo yamebana hapa, Aprili haitawezekana. Nimekutumia mifuko mingine ya tembe kwa lori lile lile. Endelea kuzoea dirisha, usiwaze sana tarehe. Nitakuja tu.

Baba yako


5 Mei

Baba Kimya,

Sijakuandikia tangu mtoto alipokuwa anajifunza kusoma. Naandika leo kwa sababu yeye hawezi kushika kalamu. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo.

Umeme ulikatika jiko likiwa katikati ya kazi. Feni ikasimama. Ulimfundisha kila kitu, asichomoe waya, asichungulie, asiwe na haraka, lakini hukumwambia umeme ukikatika afanye nini. Labda huko mnakolala haukatiki. Moshi ukaanza kutoka kwenye sanduku la tembe badala ya bombani. Yeye akakimbilia simu. Kimya, mtoto ambaye hajawahi kumpigia mtu simu katika maisha yake, alikimbilia simu akupigie wewe, akaiwekea spika na kuilaza juu ya jiwe ili mikono iwe huru.

Akapokea mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama na mchanga kwenye beseni, nikasikia yote. Mtoto akasema, "Baba anaoga." Kimya hakutoa neno, unajua sauti yake inavyokauka. Yule mtoto akangoja, kisha akasema, "Wewe ndiye dada uliyechukua jiko letu? Baba alisema jiko la zamani limeenda kwa dada, na sisi tukanunua kubwa. Umemwona bata wangu?"

Binti yako alisimama pale moshi ukimzunguka. Kisha akaingiza mkono kwenye sanduku, mkono mtupu, akaanza kuchota tembe zenye moto na kuzitupa uwanjani. Nilimwaga mchanga, muuguzi akaja, tukamvuta. Hakulia. Angelia ningefurahi.

Mimi nilijua tangu siku lilipofika. Ile nyavu ilikuwa imesuguliwa kwa mkono wa mwanamke anayejali vyombo vyake, mpaka kwenye kona. Wewe hujawahi kusugua hata kijiko. Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa anaimba akipaka rangi dirisha, na sikutaka kuwa mimi wa kumnyamazisha. Hilo ndilo kosa langu. Yako hesabu mwenyewe.

Sijali umelala wapi. Nililia zamani, nikamaliza. Lakini ulimkosesha mtoto chuo ili akusubiri.

Mama Kimya


20 Mei

Binti yangu mpendwa,

Nimepata barua ya mama yako. Amekuwa na hasira na ana haki yake, lakini mambo ya watu wazima yana pande nyingi. Mtu akikaa mbali na kwake miaka mingi, maisha hayamsubiri. Nilitaka kukueleza ana kwa ana. Kila nilipoanza kuandika nilikuona ukiwa nyuma ya pazia, nikashindwa. Utakapokuwa mkubwa utaelewa.

Lile jiko nilikupa kwa moyo mweupe. Ni kweli lilikuwa limetumika, lakini ni jiko zuri, ningeweza kuliuza na sikuliuza. Nilisema, hili ni la Kimya. Je, hilo si kitu? Baba wangapi wanamwachia binti kazi mkononi?

Mwambie mama yako umeme ukikatika, sanduku la tembe limwagwe mara moja, na kikombe cha moto kifunikwe. Nilipaswa kulisema hilo. Huku tuna jenereta, sikuwaza.

Bado nina nia ya kuja.

Baba yako akupendaye


16 Juni

Baba,

Naandika kwa mkono wa kushoto, usishangae herufi.

Nimesoma barua yako nikatafuta mahali ulipouliza mkono wangu unaendeleaje. Nimeisoma mara nyingi, maana mimi ni mtu wa kuchunguza, na sijapaona. Unaendelea vizuri. Vidole viwili bado havikunji.

Nilikuwa nikikuuliza maswali, wewe ulikuwa na majibu ya yote. Duka la maonyesho. Watoto wa wateja. Mambo ya hoteli. Kilichonichoma si kwamba umedanganya. Ni kwamba ulijua kifuniko kinagoma upande wa kushoto, ukaniambia, na mimi nikafurahi. Nilikwenda kumwambia mama kwamba unalijua jiko letu kama kiganja chako. Nilimwambia hivyo mama yangu usoni, akiwa ameishika ile nyavu. Kisha nikamwambia ana wivu.

Ulisema ualimu siuwezi kwa sababu siwezi kupaza sauti. Niliamini kwa sababu ulisema wewe. Niliwaandikia chuo tena nikiomba nafasi yangu. Walinijibu kwa upole kwamba nafasi imeshachukuliwa, na kwamba niombe upya kwa ajili ya Januari. Nimeomba.

Wiki iliyopita mama alilivua jiko lote, nyavu, sinia la mafuta, kikombe cha moto, kila kitu, akalisugua kwa mchanga na sabuni. Mimi nilikuwa namshikia taa kwa mkono mzima. Alimbandua bata kwa kisu, akamfunga kwenye karatasi. Sikumruhusu amtupe. Nimemweka ndani ya bahasha hii, mpe mwenyewe. Yeye hana kosa, aliuliza tu.

Kisha tukalijaza tembe na kuliwasha bila nyama. Mama ndiye aliyebonyeza. Tulilipandisha joto mpaka mwisho, tukakaa kwenye kizingiti tukalitazama likitoa moshi. Mwanzo harufu ilikuwa ya kitunguu cha watu. Baadaye ilikuwa ya mbao peke yake. Mama alinusa akasema, "Sasa." Nililizima kama ulivyonifundisha, sikuchomoa waya, niliacha feni izunguke mpaka moto ukaisha wenyewe bila kurudi nyuma. Siku iliyofuata tulipika na mama akala. Alisema chumvi imezidi.

Kimya


3 Septemba

Binti yangu,

Hukuniamkia kwenye barua yako ya mwisho, na tangu hapo umenyamaza. Sikukasirika. Bata nimemfikishia mwenyewe.

Shangazi yako ananiambia foleni siku hizi inafika mpaka duka la vifaa vya ujenzi, na kwamba mafundi wa kona wote wanakula kwenu. Nilikuwa najua. Jiko lile nililichagua mimi.

Nitasema kwa kifupi. Huku mambo yamekuwa mazito. Kuna maneno yamesemwa ambayo mwanamume hawezi kuyameza, na hoteli imebadilisha mmiliki. Nimekaa nimefikiri. Nilikuahidi kwamba kidari kikikatika kwa uma, nitafunga mizigo. Mimi ni mtu wa ahadi. Nitakuja mwisho wa mwezi huu nikiwa na begi moja tu. Mwambie mama yako anitengenezee chumba changu. Ile nafasi uliyoacha juu ya dirisha ya kuandika jina, iache hivyo hivyo, nitaiandika mwenyewe kama ulivyotaka.

Tutakuwa kama tulivyopanga, mimi jikoni, wewe nyuma yangu.

Baba yako


14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mama amesema nikuamkie, kwamba adabu yangu isipotee kwa sababu ya mtu mwingine.

Nilimsomea barua yako akiwa anakata kidari. Nilipofika kwenye chumba alisimamisha kisu. "Chumba gani?" akauliza. "Kile cha tembe?" Hakuwa anafanya mzaha, alikuwa amesahau kweli. Ulisema ziwekwe kwenye chumba kikavu kuliko vyote, nasi tukakutii. Mifuko imepangwa mpaka inagusa dari, kitanda tulimpa shangazi. Hakuna pa kuweka begi, hata moja.

Kisha nikamuuliza nikujibu nini. Akasema, "Amekuandikia wewe. Hukosi maneno siku hizi." Akaendelea kukata.

Kwa hiyo najibu mimi. Usije kwa ajili ya ahadi. Niliitimiza yangu mwezi Machi, uma uliingia kama kwenye siagi, nikakuandikia njoo. Nilingoja nikiwa na brashi ya rangi. Yako ilikuwa ya wakati ule, na wakati ule ulikuwa unaoga.

Juu ya dirisha hakuna nafasi tena. Mama ameandika pale, kwa mkono wake, YENYE MAFUTA NA ISIYO NA MAFUTA. Fundi mwashi alipanda ngazi akamshikia kopo la rangi, akamwambia herufi zimepinda, mama akamwambia asome nyama asisome herufi. Ndilo jina letu. Watu wamelizoea.

Chuo kimenikubali kwa Januari. Mwalimu aliyenihoji aliniuliza kama nina uzoefu wa kusimama mbele ya watu. Nilimwambia kuhusu foleni. Vidole viwili bado havikunji vizuri, lakini chaki naweza kuishika, nimejaribu.

Ukitaka kuja kama mtu anavyokuja mahali, njoo. Barabara ni ya watu wote. Usipitie mlango wa nyuma, siku hizi tunaufunga. Simama kwenye foleni, inaenda haraka kuliko inavyoonekana. Ukifika dirishani utanikuta mimi, na sitaangalia viatu vyako. Nitakutazama usoni na kukuuliza kama ninavyowauliza wote: yenye mafuta, au isiyo na mafuta?

Jibu fupi tu, baba. Nyuma yako kutakuwa na watu.

Mwenye jiko